Somo la mwaka wa kwanza, karaha ya mwaka wa nne

Jioni hii hapa Shela, Malindi, kijana wa jirani kanionyesha matokeo yake. Mwaka wa nne, uhasibu wote safi.

Halafu mstari mmoja: Stadi za Mawasiliano, mwaka wa kwanza. Mahali pa alama, kistari kitupu. Kwa hiyo jina lake halimo kwenye orodha ya mahafali.

Jamani, hizi yuniti (masomo) za lazima kwa wote ndizo rahisi kupoteza alama. Ukumbi unajaa watu wa kozi zote, somo linasimamiwa na idara isiyo yako, na alama lazima zisafiri hadi idara yako. Njiani humo ndimo zinamopotea.

Kwa hiyo wewe unayeanza, sajili yuniti kwenye mtandao wa chuo kabla usajili haujafungwa, kisha upige picha ukurasa. Namba ya usajili iandike yote, na mwaka wake mwishoni. Usitoke chumba cha mtihani bila kusaini mahudhurio. Saini hiyo ndiyo ushahidi kwamba ulikuwepo.

Vyuo vingi kwetu hugawa alama 30 za majaribio na 70 za mtihani, kupita ni 40. Karatasi ya jaribio iliyosahihishwa usiitupe, hata kama ina 12.

Alama zikikosekana, anza na mwalimu aliyefundisha, muhula huohuo. Wengi ni wa muda, mkataba ukiisha kumpata ni shughuli.

Nani mwingine amekwama na kistari? Ulianzia ofisi ipi? Tuambizane hapa.