Tafakari ya wiki: Mnunuzi mwenye nguvu

Mithali 20:14

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mstari wetu unamchora mnunuzi anayekibeza kitu mbele ya mwenye mali, kisha akishaondoka anajisifu. Aliyewahi kupeleka mahindi gulioni anamjua.

William Pynchon alikuwa mnunuzi. Alivuka bahari kutoka Uingereza mwaka 1630, na 1636 akaanzisha makazi kando ya mto Connecticut, mahali ambapo leo ni mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alinunua kwa wenyeji ngozi za biva, mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia Ulaya. Biashara ikamtajirisha, naye akawa hakimu na kiongozi wa makazi yale.

Tusimfanye mtakatifu. Ardhi ile wenyeji walilipwa makoti 18, mashoka 18, majembe 18, visu 18 na shanga zao za wampum. Nani kati yetu angeuza kijiji kwa bei hiyo?

Lakini mwaka 1638 njaa iliwabana walowezi Waingereza wa koloni la Connecticut, baada ya vita na Wapequot, kabila mojawapo la wenyeji. Wakuu wakamwagiza Pynchon awanunulie mahindi kwa wenyeji, kwa bei waliyoipanga wao. Wenyeji hawakutaka kuuza. Kapteni John Mason, aliyeongoza kuchomwa kwa ngome ya Wapequot mwaka uliotangulia, akaona dawa ni vitisho. Pynchon akakataa kumlazimisha mtu auze chakula chake. Mahakama ya koloni, mjini Hartford, ikamtia hatiani kwa uzembe, ikamtoza faini ya busheli 40 za mahindi (busheli ni kipimo cha nafaka).

Walimshuku kwamba analinda soko lake tu. Huenda: ukimtisha mtu leo, kesho hakuletei ngozi. Hata hivyo mwaka 1648, watawala walipotaka wenyeji fulani wakamatwe kwa mauaji, aliandika kwamba hao ni watu huru, hawako chini ya serikali ya Waingereza. Hapo hapakuwa na ngozi ya kuuza.

Kwetu, mkulima huuza mapema kwa sababu ada ya mtoto inadaiwa. Mwenye lori analijua hilo. Anashindilia gunia, anaongeza kilemba juu, anashona, kisha analipa bei ya gunia moja. Ndiyo lumbesa. Na Jumapili tunakaa naye benchi moja. Pengine ndiye mzee wa kanisa anayetupitishia kikapu cha sadaka.