Nilivyofundisha vipande vya DNA vinavyohama kwa punje za mahindi

Kitabu tunachotumia darasani kimeipa mada ya vipande vya DNA vinavyohama kutoka sehemu moja ya DNA ya seli hadi nyingine mistari michache, na karibu yote inamhusu Barbara McClintock: alifanya kazi Cold Spring Harbor, Marekani, akagundua vipande hivyo kwenye mahindi miaka ya 1940, akapata Nobeli 1983. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita hukariri hayo na kuyamwaga kwenye mtihani. Ukiwauliza kinachohama ni nini hasa, kimya. Safari hii nikaamua kuanza na punje zenyewe.

Sokoni nilimwomba mama mmoja muuza nafaka anipe nafasi nichambue mahindi yake ya rangi, yale ya asili ambayo wengi huyakwepa kwa sababu hayatoi unga mweupe. Hapo kuna mtego. Muhindi wenye punje nyeupe, za njano na za zambarau zilizochanganyikana si ushahidi wa kitu chochote kuhama. Huo ni urithi wa kawaida, chavua ya shamba la jirani imechangia. Nilikuwa natafuta punje moja yenye rangi mbili, iliyotapakaa madoa kama kanga. Zilikuwa chache, nikazitia kwenye kiberiti. (Siwezi kuapa kwamba ni familia ileile ya vipande vinavyohama aliyoichunguza McClintock, maana mahindi yana zaidi ya moja inayotoa madoa. Kwa somo langu zilitosha.)

Darasani tulizilowesha, tukamenya ganda kwa wembe. Madoa yakabaki palepale, kwenye tabaka jembamba chini ya ganda. Nikawaambia wazipange kwa ukubwa wa madoa, kisha nikaeleza: kipande kiitwacho Ds kikijipachika ndani ya jeni ya rangi, jeni inaharibika na punje inakosa zambarau. Kipande kingine, Ac, kinatengeneza kimeng'enya cha kukichomoa. Seli ambamo Ds imechomoka vizuri hupata rangi tena, pamoja na seli zote zinazozaliwa kutoka kwake. Binti mmoja akadakia kabla sijamaliza: "Kwa hiyo doa kubwa ni la mapema, dogo ni la mwishoni!" Ndivyo ilivyo. Punje ikawa saa.

Kutoka hapo kuingia kwenye mabadiliko ya jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, kulikuwa rahisi. Kuna vipande vya aina nyingine, retrotransposoni: hizo hazichomoki, hujinakili kupitia RNA (molekuli ndugu ya DNA), na nakala ya zamani hubaki. Ndiyo maana jenomu ya mahindi iliyosomwa mwaka 2009 ina herufi za DNA kama bilioni 2.3, na takriban asilimia 85 ni vipande vinavyohama, vingi vikiwa retrotransposoni, wakati mpunga una kama milioni 400 tu na idadi ya jeni zao haipishani sana.

Lakini kilichowashika zaidi ni mifano miwili. Hopscotch, retrotransposoni iliyotua mbali kidogo na jeni ya tb1, huiongezea jeni hiyo nguvu ya kuzuia matawi. Wakulima wa kale wa Mexico waliteua mimea yenye kipande hicho, na teosinte, mmea wa porini uliozaa mahindi, wenye matawi mengi, ikaelekea kuwa mhindi wa shina moja. Wa pili ni njegere zenye mikunjo za Mendel, yule mtafiti wa kale wa urithi. Mwaka 1990 ilibainika kwamba mikunjo hiyo inatokana na kipande cha jamii ya Ac na Ds kilichovunja jeni ya kimeng'enya cha wanga. Njegere wamezichora tangu kidato cha nne, na hakuna aliyewahi kuwaambia!

Swali likaja kutoka nyuma: "Mwalimu, kama vinajinakili hivyo, mbona mahindi hayajafa?" Kwa sababu mmea huvifunga kwa kuvibandika vikundi vya methili, alama ndogo za kikemia, visisomwe, vingi vimelala kati ya jeni ambako havidhuru, na baadhi hukatwa na kupotea kadiri vizazi vinavyopita.