Homa gani, dada?

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa tisa nauza mchele Kisenyi, Kampala. Juni 2021, wimbi la corona ya Delta lilipotukumba, jirani yangu, dada mmoja Mkenya wa Busia, alinigongea ukuta: "Dada, niko na homa tangu juzi."

Kwetu homa ni joto la mwili, na ukilisikia neno hilo mawazo yanakimbilia malaria. Kwao homa ni mafua: pua kuchuruzika, chafya, koo kuwasha. Sikulijua hilo. Nikampeleka kupima malaria, kipimo kikatoa mistari miwili, yaani malaria ipo, akapewa dawa mseto, tukarudi nyumbani roho zimetulia.

Tena nilikuwa na kipimo changu mwenyewe. Dada yangu yuko Italia, na alipougua corona Machi 2020 alinisimulia kwamba alikata kitunguu hadi machozi yakamtoka, lakini harufu hakuisikia hata kidogo. Tangu siku ile kila asubuhi nilikuwa nanusa karafuu. Jirani nilimpa ile ile. Akainusa, akasema, "Yanukia vizuri." Basi nikaamini si corona.

Siku ya tatu alishindwa kukamua nguo. Hakulalamika kifua, ila maneno yalimkatikia katikati na midomo ilikuwa imepauka. Zahanati wakambana kidole na kile kidude cha kupimia oksijeni: asilimia 86, chini mno. Corona ilikuwemo, na malaria nayo ilikuwemo kweli. Moja haikuizuia nyingine kuingia.

Nilijilaumu mno, nikaanza kuuliza kila mhudumu aliyenivumilia. Kumbe kupoteza harufu kulitajwa sana Ulaya kuliko Uchina, ambako mwanzoni walisema zaidi joto, kikohozi kikavu na uchovu. Halafu kirusi chenyewe kilikuwa kinabadilika: Delta ilikuja na kichwa kuuma na pua kuchuruzika, Omicron baadaye ikaja na koo. Umri nao una sehemu yake. Zaidi ya nusu ya watu wa Uganda hawajafika miaka 18, na vijana wengi hawakuonyesha dalili yoyote. Hata madereva wa malori waliokutwa na virusi mipakani mwaka 2020, Malaba na Mutukula, wengi walikuwa wazima wa kutembea. Na huku kwenye malaria, nani atashangaa joto na maumivu ya viungo?

Waganda waliuita ugonjwa huu ssennyiga, yaani mafua, na kwa Delta naona walilenga kuliko mimi na karafuu yangu.

Jirani alilazwa siku kumi na moja akiwa kwenye oksijeni. Alirudi amekonda, lakini alirudi, namshukuru Mungu. Siku hizi mteja akija dukani akasema ana homa, kwanza namuuliza kwao ni wapi. Kisha nauliza habari za pua, joto, na kama akipanda ngazi pumzi inamtosha.