Nimeziona kwa macho yangu

Leo kutwa nzima nilikuwa kwenye hadubini, nikitazama chembe nyeupe za damu zilizotolewa tumboni mwa panya. Nyutrofili, aina moja ya chembe hizo zenye kiini kilichogawanyika vipande, ndizo zinazowahi kufika penye uvimbe. Nikawaza mafuta ya samaki. Mwili hugeuza EPA na DHA, asidi za mafuta za omega-3 zilizomo humo, kuwa resolvini, kemikali za kutuliza uvimbe. Kwa panya, hizo huzuia nyutrofili zaidi zisiingie na kuhimiza makrofaji, chembe nyeupe zinazomeza taka, zimeze zilizokwisha kufa. Yaani uvimbe haufi wenyewe kama moto uliokosa kuni, mwili unauzima! Utafiti wa 2010 ulionyesha kuwa panya wanene wasio na GPR120, kipokezi cha chembe kinachotambua omega-3, hawapunguziwi uvimbe na omega-3. Miaka yote niliyaona mafuta kama akiba ya nguvu tu. Kesho narudi mapema.