Swali kwanza

Wapendwa, Mathayo 28:19 ikisomwa, pale Yesu anapowatuma wanafunzi wake wakawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi, wengi huwaza pasipoti na vipaza sauti. Mimi humwaza Filipo wa Matendo 8. Alikimbilia gari la yule Mwethiopia, akamsikia akisoma Isaya, akaanza na swali tu: unaelewa unachosoma? (Tena huyo alikuwa mgeni na towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa, mtu ambaye Kumbukumbu la Torati 23 ilimfungia mlango wa kusanyiko. Kumbe "mataifa yote" halikuwa pambo.)

Juzi mwenzangu kazini aliikuta Biblia mezani kwangu, akaifungua katikati, kidole kikatua Zaburi ya 88. Akakunja uso: "Hivi huyu anamlalamikia Mungu namna hii, na bado mmemwacha humu?"

Nikacheka, nikamvutia kiti. Tukaisoma yote, mpaka lile giza la mstari wa mwisho. Sala ya toba sikumwongoza. Nilimweleza tu kwa nini naamini Yesu naye alipita gizani humo, akatoka mzima.

Kaondoka nayo, ameanza Injili ya Marko, maana ndiyo fupi kuliko zote nne. Mniombee jamani, maswali anayonitumia usiku si ya mchezo!