Siku Moja Maishani Mwangu: Vito Bandia vya Zamani, Kutoka Mezani Sokoni Hadi Kabatini

Saa kumi na moja alfajiri

Leo ni Ijumaa, siku ya soko la vitu vya kale la Bermondsey, kusini mwa London. Wauzaji hupanga meza kuanzia saa kumi na mbili, na vitu vizuri huondoka mapema. Mfukoni naweka lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, tochi ndogo ya mwanga mweupe, sumaku, rula ya milimita, kitambaa cha pamba na vifuko vya zipu. Lenzi ya mara 30 haifai sokoni: inaonyesha eneo dogo mno, na mkono ukitetemeka kidogo tu huoni kitu.

Ninachotafuta si dhahabu wala almasi. Ni pini za kifuani, hereni, mikufu na bangili za shaba, aloi, kioo na plastiki, hasa zilizotengenezwa Marekani na Ulaya kati ya miaka ya 1920 na 1960. Neno "bandia" lisimtishe mtu. Mwaka 1953 Mamie Eisenhower, mke wa rais mpya wa Marekani, alivaa lulu za kutengenezwa za kampuni ya Trifari kwenye dansi ya kuapishwa kwa mumewe.

Saa kumi na mbili asubuhi

Kitu cha kwanza mezani ni kukigeuza kito. Mitindo ya mbele hurudiwa kila baada ya miaka, kwa hiyo uso peke yake unaweza kukufanya ukosee umri wa kito kwa miaka hamsini. Mgongo una sindano, bawaba, kishikio, lehemu na mhuri, na kila kimoja kina historia yake.

Sumaku huja mapema kwa sababu ni ya haraka. Shaba, fedha na aloi laini ya risasi na bati hazinaswi. Mwili wote ukinaswa, ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na mara nyingi ni kazi ya bei nafuu. Angalia tu usipimie kwenye sindano, maana sindano nyingi ni za chuma hata pale mwili ulipo wa fedha.

Kisha kishikio. Ndoano ya wazi yenye umbo la herufi C, isiyo na kifungio, ni ya kale kuliko kile cha kuzungusha kinachoifungia sindano ndani. Lakini ndoano hiyo iliendelea kutumika kwenye bidhaa za bei nafuu kwa miaka mingi, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Bamba la sindano lililogundishwa kwa gundi badala ya lehemu ni ishara ya kazi mpya au ya matengenezo. Kwenye hereni, kibano cha kufyatua kilienea kuanzia miaka ya 1930; cha skrubu kilitangulia, ingawa vyote viwili vilitumika pamoja kwa muda mrefu.

Kanuni ninayoishika siku nzima ni hii: kito hakiwezi kuwa cha kale kuliko sehemu yake mpya kabisa iliyotoka nayo kiwandani. Muuzaji akisema "ya kabla ya vita", yaani Vita vya Pili vya Dunia, naanza kuitafuta sehemu hiyo.

Saa moja asubuhi

Mfano uko mkononi: pini ya umbo la jani, rangi ya dhahabu, mhuri wa Trifari wenye taji juu ya herufi T. Kibandiko cha bei kinasema "miaka ya 1940". Chini ya lenzi, pembeni mwa jina, kuna alama ndogo ya hakimiliki, ile C ndani ya duara. Mwaka 1955 Trifari walishinda kesi dhidi ya kampuni ya Charel, na mahakama ikakubali kwamba muundo wa vito bandia unalindwa na hakimiliki. Baada ya hapo watengenezaji wengi wa Marekani walianza kupiga alama hiyo. Kabla yake walitegemea hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi au muundo, ndiyo maana vito vya zamani zaidi vina maneno "Pat. Pend." (hataza imeombwa) au "Des. Pat." (hataza ya muundo) na namba. Jani hili basi ni la 1955 au baadaye. Bado ni zuri, ila bei yake si ya miaka ya 1940.

Meza inayofuata ina Duette ya Coro, kampuni nyingine ya Marekani: vibanio viwili vya gauni vinavyochomekwa kwenye fremu moja ili vivaliwe kama pini. Mgongoni kuna namba 1798867. Hiyo ni hataza ya Machi 1931, na wengi huandika "1931" kana kwamba ndio mwaka wa kutengenezwa. Namba ni ya ile fremu, na iliendelea kupigwa kwa miaka mingi. Inakuambia tu kwamba kitu si cha kabla ya hapo. Kabla ya kulipa, toa vibanio vyote viwili na ulinganishe rangi ya metali, ukubwa wa vijiwe na jinsi vinavyoingia. Kimoja kikilegea au kikiwa na weupe tofauti, kimetoka kwenye seti nyingine.

Neno "Sterling", yaani fedha halisi, nalo hupitwa na macho hapa Uingereza, kwa kuwa watu wamezoea kutafuta simba, mhuri wa fedha wa Kiingereza. Mwaka 1942 Marekani ilizuia metali nyingi kwa ajili ya vita, viwanda vya vito vikahamia kwenye fedha iliyochovywa dhahabu. Pini ya Kimarekani yenye neno hilo na weupe unaochungulia kwenye kingo zilizosuguliwa huwa ni ya miaka hiyo au michache iliyofuata.

Vijiwe navyo vina tarehe. Vile vinavyong'aa rangi za upinde wa mvua juu ya kioo, vinavyoitwa aurora borealis, vililetwa na Swarovski, kampuni ya vioo ya Austria, katikati ya miaka ya 1950. Pini iliyojaa vijiwe hivyo si ya wakati wa vita. Ukikuta kimoja tu kati ya vijiwe vyeupe, ujue kimeongezwa baadaye.

Saa tatu asubuhi

Bangili za bakelaiti. Plastiki hii ilivumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907, na bei yake leo inawatia wengi tamaa ya kuigiza. Tafuta mstari wa kalibu ukingoni: bakelaiti ilikatwa na kung'arishwa, haina mstari. Sugua kwa kidole gumba mpaka ipate moto, kisha nusa upesi. Bakelaiti hutoa harufu ya fomalini, ile ya maabara ya bayolojia shuleni. Seluloidi, plastiki ya kale zaidi, inanuka karafumaiti. Plastiki ya maziwa inanuka maziwa yaliyoungua, na akriliki hainuki kitu. Usikubali kamwe jaribio la sindano ya moto: linaacha tundu, na seluloidi hushika moto.

Saa tano asubuhi, mezani nyumbani

Kazi ya kwanza ni kutenganisha. Chochote chenye kutu ya kijani kinaingia kwenye kisanduku chake, mbali na vingine. Nanawa mikono kila baada ya kushika aloi za zamani, kwa sababu nyingi zina risasi.

Kutu ya kijani huondolewa kwa siki nyeupe. Chovya pamba ya masikio, ikamue mpaka isidondoke, gusa sehemu yenye kutu tu, subiri dakika mbili, kisha kwangua kwa kijiti cha meno cha mti. Futa kwa pamba yenye maji yaliyochujwa madini, kausha kwa draya ya upepo baridi, kito kikiwa kimelala kifudifudi ili unyevu usitiririkie nyuma ya vijiwe. Siki isiguse lulu wala rangi ya enameli. Brashi ya waya na dawa ya meno ziache kabisa, zinakula dhahabu ya kuchovya ambayo ni nyembamba mno.

Usizamishe kito cha vijiwe kwenye maji hata kwa sekunde. Mgongoni mwa kijiwe kuna utando wa rangi ya fedha unaorudisha mwanga. Maji yakipenya, utando unachubuka, kijiwe kinageuka kijivu au njano, na hakuna dawa ya kukirudisha. Kinabadilishwa tu.

Saa nane mchana

Kubadilisha kijiwe ndiyo kazi inayotaka subira kuliko zote. Pima kikombe kilichobaki wazi, si kijiwe cha jirani ambacho makucha yanafunika ukingo wake. Kijiwe cha namba 16 kina upana wa karibu milimita 4. Tofauti ya robo milimita inatosha kukifanya kicheze au kisiingie. Tazama pia kama mgongo umechongoka au ni bapa. Linganisha rangi karibu na dirisha, kwani taa ya manjano inaficha tofauti ya vijiwe vyeupe.

Ng'oa gundi kuukuu kwa kijiti. Weka tone la gundi mpya kwa ncha ya pini: dogo kuliko punje ya mtama, katikati ya kikombe. Likizidi, linapanda pembeni na kufifisha mng'ao. Gundi ya papo hapo haifai, mvuke wake unaacha ukungu mweupe na ikikauka inapasuka. Tumia epoksi angavu ya kuchanganya au gundi ya vito inayokauka taratibu. Kijiwe kiokote kwa kijiti chenye nta nchani, kiweke, usikiguse kwa saa 24. Kama kuna makucha, yasukume mara moja tu. Ya aloi laini yakikunjwa na kukunjuliwa hukatika.

Saa kumi jioni

Sasa vile visivyo na mhuri, ambavyo mimi navipenda zaidi kwa sababu vinalazimisha macho yafanye kazi. Miriam Haskell alianza biashara ya vito bandia New York mwaka 1926, na kazi zake nyingi za miaka ya mwanzo hazina jina. Tazama shanga: zimeshonwa moja moja kwa waya mwembamba kwenye bamba la shaba lenye matundu kama lesi, na mara nyingi bamba la pili limefunika mafundo. Shanga zilizogundishwa kwa gundi ni sababu ya kutosha ya kutilia shaka. DeLizza & Elster, watengenezaji wengine wa New York, waliuza vitu vingi bila jina; bangili zao mara nyingi zina vipande vitano, na mgongoni kuna madimbwi ya lehemu. Dalili moja haitoshi. Nikipata moja tu naandika "haijatambuliwa", maana jina la kubahatisha humuumiza mnunuzi.

Na mhuri nao hukaguliwa. Kibati cha jina kilichozungukwa na lehemu inayong'aa, wakati mgongo mwingine wote umefifia, kimehamishwa kutoka kito kingine.

Saa kumi na mbili jioni

Picha tano kwa kila kito: mbele, mgongo, kishikio, mhuri kwa karibu, na kasoro. Daftarini naandika vipimo kwa milimita, uzito, vijiwe vilivyobadilishwa na sababu ya tarehe niliyoitoa.

Kila kimoja kinaingia kwenye mfuko wake wa polithini, usiokazwa kabisa, pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu. Mifuko ya vinyl hutoa kemikali inayofanya plastiki na lulu zinate. Mikufu inalazwa, haitundikwi, uzi usije ukarefuka. Seluloidi inakaa kwenye sanduku la karatasi lenye hewa, mbali na metali: ikianza kuoza hutoa mvuke wenye asidi, na ndani ya kabati lililofungwa mvuke huo unaweza kuharibu kila kilicho karibu nayo.