Siku moja maishani mwangu: afisa ufuatiliaji na tathmini

Saa 1:30 asubuhi. Wenzangu hawajafika, nami nimefungua dodoso la mradi wetu wa vitabu vya hadithi kwa shule za msingi. Lina maswali 64. Kila swali nalipima kwa kipimo kimoja: jibu lake litabadilisha uamuzi gani? Lisipobadilisha chochote nalifuta. Yamebaki 22. Mtoto wa darasa la tatu hastahili kuhojiwa saa nzima kwa sababu sisi watu wazima hatujui tunachotafuta.

Saa 3:00. Kikao cha timu. Tunapitia jedwali la mantiki ya mradi, zana iliyobuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani, na ambayo wafadhili wengi wanaidai mpaka leo. Shughuli, mazao (yaani vitu ambavyo mradi unavitoa), matokeo (mabadiliko yanayofuata), viashiria (vipimo vya kuonyesha tumefika wapi): hapo kila mtu ana la kusema. Safu ya mwisho, ya mambo tunayoyategemea yatokee ili mradi ufaulu, huwa tunaipita haraka. Leo nimewaomba tuisome kwa sauti. Imeandikwa: “Walimu watawaazima wanafunzi vitabu.” Nikauliza nani amewahi kuhakikisha. Kimya.

Saa 5:00. Niko shuleni. Mwalimu mkuu ananipokea kwa furaha na kunionyesha kabati. “Vyote vipo, havijapotea hata kimoja.” Vinang'aa. Kurasa bado zimeshikana.

Nikaomba kukaa na wanafunzi peke yao, chini ya mti. Niliwauliza kitabu gani wanakipenda. Binti mmoja akajibu, “Tunaviona dirishani.”

Ningeweza kuandika kwamba shule hii imezembea. Lakini nilimrudia mwalimu mkuu nikamuuliza, kwa heshima, kwa nini kabati linafungwa. Akatoa fomu yetu ya kila mwezi. Swali la kwanza kabisa ni: vitabu vingapi vimepotea au kuharibika? Yeye ndiye anayetia saini, na jibu salama kwake ni sifuri. Kwa hiyo akavifungia. Kiashiria chetu wenyewe ndicho kilichowanyima watoto vitabu, na ripoti zetu zimekuwa zikiita hali hiyo mafanikio. Hilo limeniuma njia nzima ya kurudi.

Saa 9:00 alasiri. Ofisini kwa mkurugenzi. Rasimu ya ripoti kwa mfadhili inasema vitabu vyote vilivyotumwa hadi sasa vimefika, na ni kweli vimefika. Ila hilo ni zao la mradi. Matokeo ni mtoto kusoma, na hapo hatuna ushahidi. Kibaya zaidi, hatukupima usomaji kabla ya kuanza, kwa hiyo hatuna takwimu za msingi za kulinganisha. Nimependekeza tupime sasa katika shule ambazo bado hazijapata vitabu, kabla magari hayajaenda. Mkurugenzi alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Yaandike yote. Hata la fomu.” Namheshimu sana kwa hilo.

Saa 11:00 jioni. Nimempigia mwalimu mkuu kumweleza kwamba swali la vitabu vilivyopotea tumeliondoa, na badala yake tutauliza ni vingapi vimeazimwa wiki hii. Akauliza, “Na kikirudi hakina jalada?” Nikamwambia bajeti ya kukarabati na kubadilisha vitabu imekubaliwa leo, na kwamba kesho nitampelekea barua yenye saini ya mkurugenzi.